Pistoni ya Tatu

Ibra, Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Ami Khalaf, shikamoo.

Fundi Ghanim alifungua injini ya gari yetu Samli jana jioni na amesema pistoni ya tatu imevunjika. Si ufa. Ukingo wote baina ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka upande mmoja, na vipande tumevikuta chini kwenye oili, vidogo kama punje za mchele.

Nimetanguliza khabari mbele ya salamu, na Baba, Mungu amrehemu, angenirudisha mlangoni niingie upya. Basi naingia upya. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Anakusalimu na anauliza kama tende za mwaka huu umejiwekea au umewagawia majirani zote. Khitma ya Baba ya kutimia mwaka tutaisoma mwisho wa mwezi huu, inshallah. Mjukuu wako Lujain hajambo, skuli yake imempa madarasa mawili zaidi. Yeye ndiye anayekuja kwenu mwisho wa wiki, na anasema simu umeirudisha kabatini kwa sababu ya masikio. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani, naye ndiye posta.

Yaliyotokea ni haya. Nilikuwa natoka Sur na Mama. Tulipopita Al Kamil, mpira wa rejeta ulipasuka. Nilisimama, nikatia maji, nikaenda, nikasimama tena. Karibu na Ibra ikaanza kugonga na kutoa moshi wa buluu. Tulifika, lakini gari haikuwaka tena.

Sasa jambo lenyewe. Mkataba wangu wa uuguzi hapa Ibra unamalizika Januari na hawauongezi. Nimepata kazi ya kudumu kituo cha afya cha Al Kamil wal Wafi, kuanzia Jumapili tarehe 1 Februari, kwa zamu. Basi la saa za zamu hakuna. Kuhamia huko siwezi, kwani Mama hataki kuondoka nyumba aliyoishi na Baba, nami simwachi peke yake. Wanataka jawabu langu la mwisho kabla ya tarehe 15 Januari. Bila gari, jawabu ni hapana. Gari mpya ni mkopo wa benki, na Baba alituusia tusiuguse. Injini nzima ya mtumba siimudu.

Ghanim ni yule wa watu wa Tabora. Mchana yuko gereji ya watu, jioni anakuja uani kwetu. Mama anamwambia Kiswahili chake kimekuja na treni. Anamjibu: "Bi Shukriya, treni inafika. Hii gari yenu je?" Ni fundi mzuri na hanidanganyi. Amesema yuko mtu Sur anayeweza kuunga ile pistoni kwa kuchomelea. Nimemwambia angoje kwanza neno lako.

Na macho yako je? Nimemuuliza Lujain, akaanza kuniuliza mimi bei ya vitunguu.

Mwanao,
Balqis

---

Nizwa, Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Mwanangu Balqis,

Marahaba. Usichomelee. Pistoni iliyoungwa pale kwenye ringi itakufikisha Al Kamil siku ya kwanza, na siku ya pili itakuulia na silinda. Mwambie Ghanim nimesema mimi.

Huku wazima. Tende nimewagawia, mwambie mama yako, ila nimebakisha mtungi mmoja wake. Maji ya mfereji wa falaji yamepungua lakini hayajakatika. Jirani yangu Mwalimu Khalifa amestaafu mwezi uliopita na sasa hana la kufanya, basi anakuja kwangu alfajiri kuniuliza nina la kufanya gani.

Kuhusu gari. Unajua kwamba mimi na baba yako tulinunua mbili siku moja, duka moja, mwaka 1988: yake rangi ya samli, yangu rangi ya asali. Usilolijua ni kwamba mwaka 1996 tulizichongesha silinda zote mbili hapa Nizwa, kwa fundi mmoja, wiki moja. Ya baba yako ndiyo iliyokuwa mbovu. Yangu haikuwa na haja, lakini tulikuwa tumeahidiana kwamba litakalofanyiwa moja litafanyiwa na nyengine. Ujinga wa vijana. Kwa hiyo silinda zenu si za kipimo cha kiwandani, ni pana zaidi kwa nusu milimita. Ukipewa pistoni ya kawaida, hata ikiwa mpya inang'ara, usiichukue. Itacheza humo ndani kama kokwa kwenye tende kavu.

Fanyeni hivi. Mpime ukuta wa silinda ya tatu. Kama mkwaruzo hauingii ukucha, usuguliwe tu, usichongwe. Pistoni tatu nzima zirudishwe. Ringi zote ziwe mpya, gasketi mpya. Mtafute pistoni moja tu, iliyotumika lakini nzima, yenye ziada ya nusu milimita, na uzito wake uwe sawa na wenzake. Moja ikiwa nzito, injini nzima itatetemeka. Hiyo ndiyo njia ya mtu asiyekuwa na fedha, na si njia mbaya.

Wasalimie.

Ami yako,
Khalaf

---

Ibra, Alhamisi, 6 Novemba 2025

Ami Khalaf, shikamoo.

Khitma imesomwa, alhamdulillahi, na watu walikuja wengi kuliko viti. Waliokaa na Baba kazini walikuja kutoka Sur. Mama alilia kidogo, kisha akakasirika kwamba wali haukutosha. Nimechelewa kuandika kwa kuwa Lujain alikuwa na mitihani ya wanafunzi, hakutoka Ibra wiki tatu.

Khabari ya gari ni nzuri moja na mbaya mbili.

Nzuri: mkwaruzo hauingii ukucha. Ghanim amepima na umesema kweli, nusu milimita.

Mbaya ya kwanza: pistoni hiyo haipo. Nimekwenda mwenyewe Sur kwenye yadi za magari mabovu, Ghanim amepiga simu Sinaw na kwengine. Ziko za kipimo cha kawaida, hata mpya. Za nusu hakuna aliyenazo. Mmoja alinicheka: "Dada, hiyo gari ni ya makumbusho, ipelekeni ikae na mapanga."

Mbaya ya pili ni Mama. Ghanim alikuwa amezitoa pistoni zote nne na mikono yake, vile vyuma virefu vinavyozisukuma, amezipanga kwenye gazeti chumba cha nje, kwa taratibu, moja mpaka nne, na kila mkono na kifuniko chake. Alituambia tusiziguse, kwa sababu kila chuma kimelika na mwenzake na hakikubali mwengine. Siku ya khitma Ghanim akaja, amechoka, ana njaa. Akaona sinia mezani limefunikwa kawa. Akafunua.

"Bi Shukriya," akasema, "hizi nizile na chatne?"

Pistoni nne, zimekoshwa, zinameremeta. Vifuniko viko kwenye bakuli pamoja na skrubu.

Nikamuuliza, "Mama, nani kakwambia uvikoshe?"

"Nani kanikataza? Watu wanakuja kumsomea baba yako, mimi niwawekee masizi?"

"Ghanim alisema tusiguse."

"Alisema tusiguse vichafu. Nimevigusa, sasa si vichafu. Na ile iliyovunjika nimeiweka nyuma, wageni wasiione."

Ghanim alikaa chini. Akapewa sambusa tatu, akazila. Kisha akasema: "Sasa hatujui yupi ni yupi. Nikikosea kuoanisha, beringi zitaliwa kabla hujafika kazini." Tangu siku ile hajaigusa kazi. Anakuja, anazitazama, anakunywa chai, anakwenda zake.

Mama anajua amekosea, kwa kuwa amekuwa akimpikia kila jioni na hamtanii tena juu ya treni.

Hukunijibu kuhusu macho.

Mwanao,
Balqis

---

Nizwa, Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mwanangu Balqis,

Marahaba. Nimecheka mpaka Mwalimu Khalifa akaruka ukuta kuja kuangalia kama nimepatwa na jambo. Nikamsomea. Akacheka na yeye, kisha akaniuliza pistoni ni nini. Mtu ana shahada mbili. Ikabidi nimchoree.

Mwambie shemeji yangu asiudhike. Sabuni haiharibu kitu. Tena mwambie Ghanim arudie kumtania, mwanamke yule asipotaniwa anapata homa.

Sikiliza. Mwaka ule 1996 nilizitia alama gari zote mbili mwenyewe, kwa ncha ya patasi, kwa sababu sikumwamini yule fundi kuzirudisha zilivyokuwa. Kwenye kila mkono, ubavuni karibu na pale unapokatika, kuna nukta. Nukta hizo hizo ziko kwenye kifuniko chake. Nukta moja ni wa kwanza, mbili ni wa pili, na hivyo hivyo. Ndani ya pistoni yenyewe, chini ukiigeuza, kuna mikwaruzo kwa hesabu ile ile. Mtie taa na mtazame vizuri. Oili ya miaka ilikuwa imezifunika, na huenda mama yako ndiye aliyewafunulia.

Pistoni endeleeni kutafuta. Mzipime uzito zile tatu nzima, mniletee hesabu.

Mvua imenyesha kidogo upande wa Manah. Huku hatukupata.

Ami yako,
Khalaf

---

Ibra, Alhamisi, 11 Desemba 2025

Ami Khalaf, shikamoo.

Nukta zimeonekana, zote. Ghanim alishika taa, mimi nikasoma, Mama akasimama nyuma yetu anasema, "Kama nisingekosha mngeziona?" Ghanim akamwambia, "Bi Shukriya, ningekuwa na wewe gereji ningemfukuza bosi." Tangu hapo nyumba imerudi kuwa nyumba. Treni imetajwa mara mbili jana.

Mama goti limepata nafuu. Lujain hajambo lakini amekuwa bubu juu ya mambo ya kwenu. Nikimuuliza Babu anaendeleaje, anasema, "Anakula." Nikimuuliza Babu anatoka, anasema, "Anakula vizuri." Mimi muuguzi, Ami. Mgonjwa ambaye jamaa zake wanasema anakula tu, huwa namwendea mwenyewe.

Tena naona khati yako. Barua ya Oktoba ulikaa ndani ya mistari. Hii ya Novemba herufi ni kubwa mara mbili na mstari wa mwisho umeteremka mpaka pembeni ya karatasi. Sisemi kitu. Naripoti tu.

Pistoni tatu nimezipima kwa mzani wa dawa wa rafiki yangu mfamasia. Hazikupishana hata gramu moja baina yao. Hesabu zake ziko kwenye karatasi ndogo niliyoibandika hapa chini.

Ya kutimiza nne hatukuipata. Ghanim amefika mpaka Sinaw siku ya soko, ameuliza baina ya mbuzi na ngamia, amerudi na mzigo wa majani ya mifugo aliopewa bure na mtu aliyemwonea huruma. Muscat wanasema wanaweza kuagiza seti nzima kutoka nje, ifike Machi. Machi kwangu ni mbali.

Nimeshaandika rasimu ya jawabu la hapana. Nitaituma tarehe 11 Januari, nisiwacheleweshe waliokuwa wema kwangu. Sina huzuni kubwa. Kuna kliniki binafsi hapa Ibra inataka mtu wa nusu siku, malipo madogo lakini ni karibu na Mama. Nimekuandikia ili usiendelee kusumbuka. Ulichonifundisha kinatosha, Ghanim anasema nikichoka na uuguzi atanipa kazi.

Ikiwa utakuja kwa gari yako mwezi huu kama kila mwaka, tuarifu siku, Mama akupikie pweza wa nazi.

Mwanao,
Balqis

---

Nizwa, Jumamosi, 20 Desemba 2025

Mwanangu Balqis,

Marahaba.

Usitume jawabu la hapana.

Makopo ya halwa aliyobeba Lujain ni mawili. La zito ndilo lisiloliwa. Ndani yake, kwenye kanga, iko pistoni ya nusu milimita. Lujain amepita Sinaw.

Nimeipeleka kwa sonara sokoni, akaipima kwenye mzani wa fedha. Imewazidi wenzake gramu tatu. Ghanim aikune kwa ndani, chini, kwenye ule unene wa pembeni, kidogo kidogo, akipima kila mara. Asiguse juu wala asiguse njia za ringi. Ringi zake za zamani nimezitupa.

Mkiwasha, mara ya kwanza msikanyage mafuta. Kilomita elfu moja za mwanzo uende taratibu kama unambeba bibi harusi, kisha umwage oili utie mpya.

Mwezi huu sitakuja. Kuna baridi.

Usiniandikie shukurani. Uniandikie injini imewaka au haikuwaka.

Halwa ya kopo jepesi ni ya mama yako. Mwambie hakuna haja ya kuikosha.

Khalaf

---

Ibra, Alhamisi, 8 Januari 2026

Ami Khalaf, shikamoo.

Injini imewaka. Ilikuwa juzi Jumanne, saa kumi na moja jioni. Ghanim alishika ufunguo, Mama alisoma Bismillahi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikakaa. Moshi mweupe ukatoka, ukaisha. Ghanim aliweka gilasi ya maji juu ya bonti na maji hayakumwagika. Mama akasema gilasi ile ni ya seti, aitoe.

Jana nimewapigia Al Kamil na kuwaambia ndiyo. Wamefurahi. Rasimu ya hapana nimeichana.

Hiyo ndiyo ripoti uliyoitaka. Sasa niruhusu ripoti nyengine.

Ghanim alipoigeuza ile pistoni kuikuna, aliniita. "Dada, njoo uone kitu." Ndani kulikuwa na mikwaruzo mitatu. Ncha ile ile, mlalo ule ule, kama iliyo kwenye zetu. Akaniambia, "Huyu mtu wa Sinaw alisoma skuli moja na Ami yako?" Mimi nikarudi ndani kuisoma barua yako tena. Hukuandika kwamba umeinunua Sinaw. Umeandika kwamba Lujain amepita Sinaw. Ni kweli, kila wiki anapita Sinaw. Njia ni hiyo.

Nikamkalisha Lujain jikoni na Mama. Lujain alisema, "Babu kaniapisha nisiseme." Mama akamwambia, "Basi usiseme. Nikiuliza, kula." Akamwekea sahani ya vitumbua mbele yake. "Gari ya babu yako inatembea?" Lujain akala. "Imefunguliwa?" Akala. "Tangu lini haendeshi?" Hapo akaacha kula, akalia.

Ami, kiapo chake hakikuvunjika, usimgombeze.

Umeniambia nisikuandikie shukurani. Nimekutii maisha yangu yote na kwa hili siwezi. Tangu Baba afariki, watu wengi wamesema niwaambie nikipungukiwa na jambo. Nilikwambia, na hukunijibu kwa maneno. Ulifungua injini yako. Mama anasema Baba angekutukana kwanza, kisha angekubusu kichwa. Mimi sina matusi. Nakushukuru, na kwa kila siku nitakayofika Al Kamil nitakushukuru, na hutaweza kunizuia kwa kuwa hutakuwapo garini.

Kopo lako linarudi na Lujain. Limejaa mkate wa kumimina, kwa sababu nyumba hii chombo hakirudi kitupu.

Nataka jawabu moja tu. Daktari kasema nini?

Mwanao,
Balqis

---

Nizwa, Jumamosi, 10 Januari 2026

Mwanangu Balqis,

Marahaba. Hii anaiandika Mwalimu Khalifa, mimi nasema. Amekataa kuandika baadhi ya maneno niliyosema juu ya mama yako na vitumbua vyake.

Mkate ni mzuri. Khalifa amekula nusu.

Daktari alisema mwezi wa Septemba kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho, la kulia zaidi, na kwamba nisiendeshe. Alitaka kunipangia siku ya kupasuliwa. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri tangu siku ile. Sikukwambia, kwa sababu nikikwambia wewe, Lujain atajua kwamba imekuwa rasmi, na wanangu Muscat watakuja siku ya pili kuiuza Asali na kuniwekea dereva. Mtu akishawekewa dereva anaanza kuulizwa anakwenda wapi.

Basi gari ilikuwa uani imesimama. Naipiga moto kila asubuhi, naizima. Barua yako ilipokuja na hesabu ya mizani, na ukasema unatuma hapana, nilikaa mpaka adhuhuri. Injini isiyokwenda popote ni chuma kilichopakwa oili. Nikamwita Khalifa.

Sikiliza tulivyofanya, maana hili hukuliona na ningependa ulijue. Mimi nilikuwa mikono, yeye alikuwa macho. Ananiambia, "Kushoto, chini, kuna kichwa cha skrubu." Namuuliza kikubwa gani. Anasema, "Kama pipi." Miaka thelathini na tano amefundisha jiografia, na hana kipimo chochote isipokuwa pipi. Tulichukua wiki nzima. Mara moja aliniangushia spana kwenye mguu akaniomba radhi kwa Kiarabu cha vitabuni. Pistoni ilipotoka alikuwa mweusi mpaka ndevuni, na mkewe hakumfungulia mlango mpaka alipovua kanzu nje.

Balqis, sijafurahi vile tangu tulipomzika baba yako. Niliamka nina kazi. Kuna mtu Ibra anangoja kitu ambacho ninacho. Unanishukuru mimi? Mimi ndiye ninayekushukuru kwa kuniomba ushauri wa gari wakati ungeweza kumuuliza mtu yeyote mwenye simu. Khalifa anasema niongeze kwamba na yeye anashukuru. Ameanza kuwafundisha majirani pistoni ni nini.

Asali isiuzwe. Hilo ndilo ninalolitaka.

Kuhusu kupasuliwa, bado nafikiri. Kwenda hospitali lazima nipelekwe, na sipendi kupelekwa.

Khalaf (kwa mkono wa Khalifa, ambaye anasalimu)

---

Al Kamil wal Wafi, Alhamisi, 5 Februari 2026

Ami Khalaf, shikamoo, na salamu kwa Mwalimu Khalifa atakayekusomea.

Nimeanza kazi Jumapili kama ilivyopangwa na hii naiandika chumba cha wauguzi, wiki yangu ya kwanza inakwisha leo. Samli imekwenda na kurudi kila siku. Mshale wa joto haujapita nusu. Haili oili. Ghanim ameisikiliza jana na amesema imetulia kuliko yeye.

Mama hajambo. Amekubali kwamba nikiwa zamu ya usiku, Lujain alale kwetu, kwa sharti kwamba Lujain ndiye anayelindwa. Anakusalimu na anasema vitumbua havikuwa na kosa.

Kituo ni kidogo, watu wake wema. Mwanamke mmoja wa shamba alikuja Jumatatu na mtoto mwenye homa, alfajiri, kabla ya jua. Nilikuwa nimeshafika. Mtoto amerudi jana anakimbia. Nimekuandikia hili moja tu ili ujue pistoni yako inafanya kazi gani.

Sasa mipango.

Asali haiuzwi. Nimezungumza na wanao Muscat, wote wawili, nikawaambia iko kwenye matengenezo, jambo ambalo ni kweli. Seti ya pistoni tuliyoiulizia Desemba nimeiagiza leo kwa jina lako. Inatarajiwa Mei. Inatolewa kwenye mshahara wangu wa kwanza na wa pili, na hili si la kujadiliwa. Litakalofanyiwa moja litafanyiwa na nyengine, umesema mwenyewe. Ghanim atakuja Nizwa kuifunga, na ameomba Mwalimu Khalifa ashike taa.

Asali ikiwa tayari, ni lazima awepo wa kuiendesha. Hapo ndipo tunafika kwenye macho.

Nimempigia daktari wako. Ulisema hupendi kupelekwa, basi hupelekwi. Samli imeshatimiza kilomita elfu moja leo asubuhi, oili ya mwanzo lazima imwagwe, na mtu pekee ninayemwamini kuitazama inavyotoka ni wewe, hata kwa jicho moja. Kwa hiyo nakuja kwako kwa ajili ya oili. Nimebadilishana zamu. Nitafika Jumapili tarehe 15, baada ya kazi, nitalala kwenu, na oili tutaimwaga usiku ule ule Mwalimu akitaka kuchafuka tena.

Jumatatu tarehe 16 Februari tunatoka mlangoni saa mbili asubuhi. Jicho la kulia kwanza. Uvae kanzu yenye vifungo mbele, na kadi ya hospitali aiweke Lujain mfukoni mwako tangu Ijumaa. Miadi ni saa tatu.

Mwanao,
Balqis